Jina la Kumi na Moja

Mzee Kasongo hakuleta maneno ya kuzunguka. Alisimama upande wa pili wa chanja ya kuanikia dagaa, akavua kofia, akajipepea nayo mara mbili tatu, kisha akasema alichojia.

“Mwakeye, mama Winfrida.”

“Mwakeye, mzee. Shikamoo.”

“Marahaba. Jana uliita wachezaji kumi.”

“Niliita kumi.”

“Mpira unachezwa na wangapi?”

Marcelina hakuinua uso. Alikuwa akitandaza dagaa wake wa mwisho, waliobaki tangu mitumbwi ilipopandishwa mchangani kupisha mbalamwezi. Aliwaanika mara ya pili wasije wakaota ukungu.

“Mzee, umesimama kwenye jua langu,” alisema. “Sogea kidogo. Hawa wakilala na unyevu, mnunuzi atanicheka.”

Kasongo akasogea. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mwalo na mwenyekiti wa timu, mtu aliyezoea kusogelewa, si kusogezwa.

Pale mwalo wa Kitemba, kituo cha wavuvi ziwani, mwendo wa mguu kutoka Ujiji ukifuata ufuko, timu haigusi mpira kabla haijaitwa. Desturi hiyo ilitoka kwenye mitumbwi. Zamani, mtumbwi ulipokuwa ukisukumwa majini jioni, mtu mmoja wa ufukweni aliwaita waliomo, kila mmoja kwa jina lake na jina la mama yake, na waliobaki nchi kavu wakaitikia, “Yumo!” ili likitokea la kutokea pasiwepo wa kuuliza nani alikuwemo. Wavuvi walipoanzisha kombe lao la siku za mbalamwezi, siku ambazo mwezi unawaka hadi dagaa hawaifuati taa, waliihamishia desturi uwanjani. Mwitaji husimama kwenye mstari, humtaja mchezaji kwa mama yake, humfungia ubeti mfupi, na watu huitikia. Sharti ni moja tu: atakalosema liwe kweli. Sifa ya uongo, husema watu wa Kitemba, humvunja mguu aliyesifiwa.

Kwa miaka tisa mwitaji alikuwa Marcelina. Hakusomea. Alimaliza darasa la saba, akaolewa, na maneno yakawa yanamjia juu ya chanja kama kwikwi, bila kuomba ruhusa.

Na huyo wa kumi na moja, aliyesimama jana kwenye mstari na wenzake, akangoja zamu yake, zamu ikampita, alikuwa Castory mwana wa Leonia. Hakuitwa. Akaingia hivyo hivyo, akafunga magoli mawili, Kitemba ikaenda fainali.

“Kijana katumikia kifungo,” Kasongo alisema. “Serikali imemalizana naye. Wewe ni serikali ya pili?”

“Serikali ilimfunga kwa mashine ya boti, mzee. Mkono wa mume wangu kafungiwa nani?”

Hilo lilikuwa kweli, na Kasongo alilijua. Watu wanne walipanda mtumbwi wa Alphonce, mume wa Marcelina, katikati ya ziwa, wakachukua mashine na nyavu, na mmoja wao akampiga Alphonce kwa kasia begani mpaka mfupa ukasagika. Mashine ilikutwa kwa Castory, chini ya kitanda. Wenzake watatu hakuwataja. Mahakamani Alphonce aliulizwa kama aliiona sura ya aliyempiga, akajibu kama alivyolelewa kujibu, kwamba taa ilikuwa inammulika machoni, hakuona. Basi Castory akahukumiwa kwa mali ya wizi, miaka sita, akatoka mwaka wa nne kwa mwenendo mwema. Mkono wa kushoto wa Alphonce haukupata msamaha wa namna hiyo. Hadi leo haupandi kupita bega.

“Fainali ni keshokutwa, na Simbo,” Kasongo alisema. “Vijana wananiambia uwanja unakuwa mzito mmoja wao asipoitwa. Utamwita, au utampisha mwingine kwenye mstari.”

“Mwingine nani?”

“Atapatikana.”

“Mwenye kutunga?”

“Mwenye kupiga kelele. Siku hizi hiyo inatosha.”

Neno hilo lilimchoma Marcelina kuliko lililofuata, ingawa lililofuata ndilo lenye meno.

“Halafu hizi chanja, mama Winfrida.” Kasongo alivaa kofia, akaisawazisha. “Ni za mwalo. Zina watu wengi wanaosubiri nafasi. Sisemi kitu mimi. Nasema tu wapo wanaosubiri.”

*

Bombani siku hiyo palikuwa na foleni. Marcelina alipotua ndoo yake, kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa akiosha pikipiki alipaza sauti.

“Mpisheni, mwitaji wa kumi huyo! Mama, ukichota kumi, ya kumi na moja tuachie sisi.”

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya sana, ni kile cha watu waliochoka kungoja maji na wamepata kitu cha kutafuna. Mwenzake akadakia: “Keshokutwa Mashine anawasha! Simbo watajuta kupanda lori!”

Mashine. Ndilo jina walilompa Castory tangu wiki aliyorudi. Wengine husema ni kwa mbio zake. Wengine husema ni kwa sababu nyingine, halafu hucheka zaidi. Nyumba ya Alphonce ipo kando ya njia ya kwenda mwaloni, na jina hilo lilipita dirishani kwake asubuhi na jioni kama muuza maandazi.

Melania, mama wa Bariki golikipa, alikuwa mbele yake kwenye foleni. Alimsaidia kusogeza ndoo, akamsemesha kwa sauti ya chini.

“Usiwasikilize hawa. Ila dada, nisikufiche. Goli la pili nililiruka mpaka kanga ikanidondoka. Sikukumbuka kama yule mtu kaiba kitu.”

“Hakuiba chako.”

Melania akatazama ndoo yake ikijaa. “Ni kweli,” alisema. “Hakuiba changu.”

Baada ya hapo hawakusemezana tena, na walikuwa marafiki.

*

Alasiri Leonia alikuja. Alikuwa hajakanyaga uwanja wa nyumba ile tangu kesi. Marcelina alimwona akisita kwenye ua wa matete kama mtu asiyejua mbwa wa pale ana tabia gani, na hapo hapakuwa na mbwa.

“Hodi.”

“Karibu,” Marcelina alisema, kwa sababu ndivyo mtu anavyosema.

Alimsogezea kigoda. Leonia hakukaa.

“Sikuja na kitu,” alisema. “Ningekuja na kitu ungesema nimekuja kununua.”

“Umetumwa na mzee Kasongo?”

“Mimi? Kasongo akikutana nami njiani anakumbuka amesahau kitu nyumbani, anageuka.” Alicheka kidogo, kicheko kikavu. “Mama Winfrida, sikuja kukuomba umsamehe mwanangu. Hilo ni lako na Mungu wako. Mimi nimekuja kwa ajili ya jina langu.”

“Jina lako lina nini?”

“Halina mtu wa kuliita. Miaka minne, sokoni mimi ni ‘yule’. Kanisani nikikaa kwenye benchi, benchi linapata nafasi ghafla. Jana nilikuja uwanjani, nikasimama nyuma ya goli. Nikakusikia unavyoita. Bariki wa Melania, Melania akapiga kigelegele. Nehemia wa Catherine, Catherine akarusha kanga. Unawaita mama wa watu, na mimi nikajitayarisha. Mjinga mimi. Nikafunga kanga vizuri kabisa.”

Marcelina alikuwa na chungio la unga mkononi. Aliliweka chini.

“Muulize mwanao nani alishika kasia,” alisema. “Akikuambia, njoo uniambie, nami nitakuita hadi ng’ambo ya Kongo wasikie.”

“Nimemuuliza. Kila nilipokwenda kumwona nilimuuliza kabla ya kumpa sabuni. Anatazama chini. Tangu arudi namuuliza akiwa anakula. Anaacha kula.”

“Kwa hiyo na wewe hujui.”

“Sijui. Nalala nyumba moja na mtu nisiyejua mkono wake ulifanya nini. Namwoshea shati.” Leonia alijifunga kanga upya, ingawa haikuwa imelegea. “Unadhani unachoka peke yako, mama Winfrida?”

Aliondoka bila kungoja jibu. Kigoda kikabaki kimesogezwa.

*

Alphonce alikuwa ndani na alisikia yote. Ukuta wa tofali mbichi hauna siri. Marcelina alipoingia na ugali, alimkuta ameketi kwenye mkeka, mkono wa kushoto umelala pajani kama kitu alichopewa amshikie mtu.

Walinawa, wakala.

“Goli la pili lilikuwaje?” Alphonce aliuliza.

“Goli gani?”

“La jana. La kwanza najua ni la kichwa, kelele ililipuka mara moja kama mlango uliogongwa na upepo. La pili ilianza mbali. Ikaja inapanda, inapanda, nikahesabu mpaka nne. Alitoka wapi na mpira?”

Kwa miaka minne Alphonce alikuwa akiutazama mpira kwa masikio. Uwanja uko nyuma ya nyumba tano tu, lakini hakwenda. Kila alipojaribu, watu walimpisha kama jeneza.

“Unaniambia mimi nikusimulie goli la yule mtu?”

“Nimekuuliza goli la Kitemba.”

“Alphonce.”

“Nimechoka, Marcelina.”

“Umechoka wewe? Mimi ndiye natazamwa bombani. Mimi ndiye Kasongo anataka kuning’oa kwenye chanja. Na yote nayabeba kwa ajili yako.”

“Hapo ndipo ninapochokea.” Hakupandisha sauti. Alphonce hakuwa mtu wa kupandisha sauti hata alipokuwa na mikono miwili. “Kwa ajili yangu huitikii shikamoo ya kijana. Kwa ajili yangu Melania leo hakuja kusuka hapa. Miaka minne mimi ni mkono tu, mke wangu. Mtu akiingia mlangoni anauliza hali ya mkono. Hakuna hata mmoja, na wewe ukiwemo, aliyewahi kuniuliza kama nataka kwenda mpirani.”

Marcelina aliacha kula.

“Umemsamehe?”

“Nani kasema nimemsamehe? Nikimwona anapita, natafuta pa kukaa. Juzi nilikaa kwenye kichuguu.” Alicheka yeye mwenyewe, peke yake. “Lakini ana mguu yule. Tangu mtoto alikuwa na mguu ule wa kushoto, sisi wote tulikuwa tunamwona pale mchangani. Nataka kuuona. Mtu haruhusiwi kutaka vyote viwili?”

“Na mimi nimsifu vipi? Nikisema ni mwema, ni uongo. Nikisema ni mbaya, nimemfukuza mbele ya watu na mama yake nyuma ya goli.”

“Hayo siyajui,” Alphonce alisema, akavuta bakuli la dagaa. “Mimi si mtungaji. Mimi nakwenda mpirani.”

*

Mvua ilikuwa imevunja ratiba mara mbili, kwa hiyo fainali iliangukia siku yenyewe ambayo giza linarudi na mitumbwi inashuka. Kamati iliamua mchezo uanze saa nane mchana, jua la utosi, na pasiwe na dakika za nyongeza: wakitoka sare, penalti, kila mtu akatafute taa yake. Kando ya mchanga mitumbwi ilikuwa imeshageuzwa na kuelekezwa majini. Nyavu za magoli zilikuwa nyavu za dagaa zilizochoka, zimefungwa kwenye miti kwa kamba za boya.

Simbo walikuja na malori mawili ya watu. Ni wakulima, wana mapafu ya kupandia milima.

“Sisi hatuna mashine, tuna jembe!” walikuwa wakiimba. “Shikeni simu zenu, straika wao kafika!”

Na watu wa Kitemba waliwajibu matusi kwa sauti moja, maana mwizi wako ni wako, jirani hana ruhusa ya kumtaja.

Marcelina alipofika kwenye mstari alimkuta kijana mmoja ameshasimama pale na kipaza sauti. Kasongo alikuwa pembeni yake. Kisha Kasongo akamwona Alphonce nyuma ya mkewe, amevaa jezi ya zamani ya bluu iliyopauka, akavua kofia.

Watu walianza kupisha. “Pole, mzee.” “Pole sana, baba Winfrida.”

“Pole ya nini?” Alphonce alisema. “Nimekuja mpirani, sikuja msibani. Sogeeni tubanane.”

Mtu mmoja alicheka, wakabanana.

“Utaita wangapi?” Kasongo alimwuliza Marcelina.

“Mpira unachezwa na wangapi, mzee?”

Kasongo akampa ishara kijana wa kipaza sauti akae.

Marcelina alianza na goli, kama kawaida. Sauti yake haikuhitaji umeme.

“Bariki wa Melania, goli kwake ni ghalani,
Mlangoni akikaa, hapiti hata jirani!”

“Yumo!” uwanja ukaitika, na Melania akapiga kigelegele kilichowapita wote. Beki baada ya beki, kiungo baada ya kiungo, Marcelina aliwaita. Mikono ilipanda, mama walicheza, vumbi likanyanyuka. Alifika wa kumi. Akavuta pumzi. Watu wote walijua pumzi ile ni ya nini. Castory alikuwa mwisho wa mstari, mrefu, amekonda, anatazama vidole vya miguu yake ndani ya viatu vya kuazima.

Marcelina hakuharakisha.

“Castory wa Leonia, alotoka gerezani,
Mashine kaichukua, ya Alphonce wa ziwani,
Kifungo kakimaliza, leo yumo uwanjani,
Mguu wake tunao, moyo wake simo ndani.”

Hakuna aliyeitika.

Hata Simbo waliacha kuimba. Mstari wa pili uliposemwa Castory aliinamisha kichwa zaidi. Kasongo alimshika Marcelina kiwiko. “Umefanya nini? Umefanya nini wewe? Umetuvunja!”

“Sharti ni kweli, mzee,” Marcelina alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo, ya mtu aliyetua mzigo na bado mgongo unamwuma. “Mimi hiyo ndiyo kweli ninayoijua. Sina nyingine.”

Castory aliinua mkono. Aliuinua polepole, kama wenzake walivyoinua, kama desturi inavyotaka, akaubakiza juu. Bado hakuna aliyeitika, maana kuitika ilikuwa ni kukubali ubeti wote, mguu na mashine pamoja, na watu walikuwa wamekuja kwa ajili ya mguu tu. Kushangilia Mashine ilikuwa rahisi. Ilikuwa ni mzaha. Lakini Castory wa Leonia alotoka gerezani alikuwa mtu, na mtu ni mzito.

“Yumo!”

Sauti ilitoka nyuma ya Marcelina, imekwaruza, imekatika katikati kwa kukosa mazoezi. Hakugeuka. Aliijua. Alikuwa amelala nayo miaka ishirini na mbili.

“Yumo, jamani!” Alphonce alirudia. “Mnangoja nini, jua linakwenda!”

Kutoka nyuma ya goli la kusini kikaja kigelegele kimoja, chembamba, cha mwanamke mmoja. Halafu wengine wakaitika. Si wote. Wapo waliokunja mikono. Na wapo waliotazama mchanga, na hao Marcelina aliwatazama muda mrefu kidogo, mmoja mmoja, kwa sababu watatu hawakuwahi kutajwa, na Kitemba nzima ilikuwa pale.

*

Mchezo wenyewe haukuwa mzuri. Joto liliwalemea, Simbo walirudi nyuma wote wakajenga ukuta, na mpira ulikaa zaidi hewani kuliko mchangani. Castory alipoteza mipira minne mfululizo. “Ubeti umemvunja mguu!” mtu alipiga kelele, na mwingine akamjibu, “Ungemvunja kama ungekuwa uongo!”

Ilikuwa dakika za mwisho kabisa, watu wa mitumbwi wameshaanza kutazama jua, alipopokea mpira karibu na mstari wa kati, amewapa Simbo mgongo. Akamzunguka beki wa kwanza. Wa pili akampita kwenye upande wake mbaya. Kelele ikaanza mbali, ikaja inapanda, inapanda, na Marcelina akamsikia Alphonce nyuma yake akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Mguu wa kushoto ulipiga bila kuonekana umejivuta. Mpira ulipinda kama jani linavyopinda kwenye maji, ukaingia kwenye pembe ya wavu wa dagaa, ukakaa humo kama kitu kilichovuliwa.

Alphonce aliruka. Mkono mmoja ulikuwa juu, mwingine ulifika pale unapofika. Alikuwa akilia au akicheka, haikujulikana, na watu wale wale waliompa pole walimkumbatia kwa bega lile bovu, naye hakulalamika.

Marcelina alisimama wima, mikono ameifunga kifuani. Hakushangilia. Alijaribu, kwa kweli, alitaka kuona kama kitu kitatoka. Hakikutoka.

*

Hapakuwa na sherehe. Ng’ombe wa zawadi alifungwa kwenye nguzo ya kituo cha kupimia samaki, akabaki akitafuna mbele ya watoto. Filimbi ilipolia wanaume walikimbilia mitumbwini hata kabla ya kombe kuinuliwa, maana siku tisa za kukaa bure zilikuwa zimetosha. Taa zikapita mabegani, nyavu zikaburutwa, mashine zikafungwa nyuma ya mitumbwi. Malori ya Simbo yakapanda kilima bila wimbo.

Castory alikuwa bado na jezi. Kila aliyempita alimpiga mgongoni. “Mashine! Umetuua!” Tajiri mmoja, mwenye mtumbwi mkubwa wa bluu, alimkumbatia kabisa, akamnyanyua kutoka chini.

“Tajiri,” Castory alisema aliposhushwa, “leo kwako kuna nafasi?”

“Mdogo wangu, tumejaa.” Tajiri alimpigapiga shavuni. “Giza lijalo. Wewe pumzika, leo umefanya kazi.”

Marcelina alikuwa karibu, akimngoja mumewe, akaona mtumbwi wa bluu ukisukumwa. Mle hukaa watu saba. Walipanda watano. Castory alimwendea mwenye mtumbwi wa pili, akarudi. Kwa wa tatu hakwenda. Alisimama tu mchangani na viatu vya kuazima mkononi mpaka mwenye viatu akaja kuvichukua.

Akageuka akaenda kwenye goli la kusini kufungua wavu. Ilikuwa lazima mtu aufungue, usiku ungeibwa. Alphonce alikuwa ameshaanza upande wa chini, kwa mkono mmoja na meno. Castory alisita hatua kumi hivi kutoka kwake. Marcelina, kutoka alipokuwa, alimwona Alphonce akitafuta kwa macho pa kukaa. Alishika mti wa goli. Hakukaa.

“Hizo za juu sizifikii,” Alphonce alisema bila kumtazama.

Castory akanyoosha mikono akaanza na kamba za juu. Walifanya kazi hivyo kwa muda, mmoja juu mmoja chini, na wavu ukawa unashuka katikati yao.

“Baba,” Castory alisema. “Siku ile—”

“Usiikate hiyo,” Alphonce alisema. “Ifungue. Kamba ya watu.”

Castory alifungua. Hakuanza tena, na Alphonce hakumwuliza. Walipomaliza, Castory aliukunja wavu wote akauweka begani, akaupeleka kwenye ofisi ya mwalo, na Kasongo akaupokea mlangoni, akaukagua tundu kwa tundu, akamwambia auache hapo hapo nje, yeye mwenyewe atauingiza.

Marcelina na mumewe walishika njia ya nyumbani. Jua lilikuwa limeanza kuinamia milima ya Kongo, na mashine za mitumbwi zilikuwa zikilia moja baada ya nyingine zikielekea mbali. Chanja yake ilikuwa bado yake, angalau jioni ile. Hakuna aliyemwambia lolote. Dagaa walikuwa hawajaanuliwa.

“Sauti imenikauka,” Alphonce alisema.

“Nilikusikia.”

“Ulilionaje?”

“Nini?”

“Goli, mama Winfrida. Ulilionaje?”

Walipita nyumba ya kwanza na ya pili. Mtu alisalimia kutoka barazani, hakuuliza habari ya mkono, aliuliza matokeo, na Alphonce akamwambia matokeo, kwa kirefu, na kwa vidole. Marcelina alingoja amalize. Alikuwa amechoka hadi kwenye kope.

“Lilikuwa goli zuri,” alisema walipoanza tena kutembea.

“Eeh?”

“Nimesema lilikuwa goli zuri.”

“Na yeye?”

“Baba Winfrida,” Marcelina alisema, “umeuliza goli, nimekujibu goli. Twende tukaanue dagaa.”